Meseji Tano kwa Mama Mwenye Nyumba

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa ile tovuti ya vyumba?"

"Ndiyo mama, ni sisi."

"Sasa mwanangu, mbona mnanitumia meseji tano tano? Kila siku saa mbili asubuhi simu inalia utadhani kuna msiba. Chumba bado kipo? Chumba bado kipo? Mara tano! Si niliwajibu jana kwamba kipo?"

Nikamwomba radhi, nikamwambia ni mtandao tu unasumbua, nikakata simu. Mtandao ulikuwa hausumbui chochote. Yale malalamiko ya mama yalikuwa na jibu zima la tatizo lililotutesa karibu wiki mbili, lililovunja kikundi chetu na kumponza binti wa watu wa mwaka wa kwanza. Nilitakiwa kujiuliza swali moja tu: kwa nini tano, na si mbili au kumi? Sikujiuliza. Nilikuwa bize kumlaumu mwenzangu.

Naandika haya kwa sababu najua wengi mnaingia kwenye projekti za mwaka wa mwisho, na wengi mtaandika Java. Lakini hata kama husomi kompyuta, nivumilie kidogo. Nitajitahidi kueleza bila kukuchosha.

Tulikuwa wanne, wote mwaka wa tatu. Projekti yetu ilikuwa tovuti ya mageto. Kila anayesoma hapa anaijua hali ya mwanzo wa mwaka: hosteli hazitoshi, wadogo zetu wanashuka stendi na mabegi na ndoo, na madalali wako palepale wanawasubiri. Unatoa elfu kumi ya kuonyeshwa chumba, na ukikipenda unamlipa dalali kodi ya mwezi mzima, mbali na kodi ya mwenye nyumba. Sisi tukasema mwenye chumba atangaze mwenyewe, bure, aweke picha na namba ya simu, mwanafunzi ampigie moja kwa moja. Serikali ya wanafunzi ikatusaidia hela ya kukodi seva ndogo yenye memori ya gigabaiti 2, na tangazo likasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanaoanza mwaka.

Kazi tuligawana. Mmoja alitengeneza kurasa. Mmoja alizunguka mitaani kuongea na wenye nyumba na kupiga picha. Wa tatu, ambaye tulimwita Mzee kwa jinsi alivyo na utaratibu kwenye kila kitu, alishika databesi, yaani MySQL. Mimi nilishika Java, mambo yote yanayofanyika nyuma ya ukurasa. Tulitumia Java 8 pamoja na Tomcat, ile programu inayobeba tovuti za Java, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa.

Kazi yangu mojawapo ilikuwa kuhakikisha matangazo ya zamani hayabaki. Kila siku saa mbili asubuhi mfumo unamtumia mwenye nyumba meseji kumuuliza kama chumba bado kipo. Asipojibu siku tatu, tangazo linaondolewa. Kwa hiyo nikaweka saa ndani ya programu, kitu ambacho kwenye Java kinaitwa Timer. Sitaficha, ule msimbo nilidesa. Niliukuta kwenye projekti ya kaka mmoja aliyemaliza, nikabadilisha majina, ukafanya kazi mara ya kwanza, na sikuutazama tena.

Wiki ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Watu walikuwa wanaingia, wanapata vyumba, wanatushukuru kafeteria. Marekebisho yalikuwa mengi lakini madogo madogo: mara kodi inaonekana imepungua sifuri moja, mara picha zinalala ubavu, mara jina la mtaa limekosewa. Kila nikirekebisha napandisha toleo jipya palepale, Tomcat ikiwa inaendelea kufanya kazi. Inaondoa toleo la zamani, inaweka jipya, sekunde ishirini, watumiaji hata hawajui. Nilikuwa najiona injinia kweli kweli.

Alhamisi usiku tovuti ikafa. Kila ukurasa ulisema databesi haipatikani. Mzee akaingia kwenye seva, akakuta MySQL imezimika. Kwenye logi za Linux iliandikwa kwamba mashine imeishiwa memori, ikabidi iue programu moja ili yenyewe ipone, na iliyouawa ni MySQL. Tukazima mashine yote, tukawasha, kila kitu kikarudi. Jumatatu usiku ikafa tena, vilevile, MySQL tena. Tukazima, tukawasha.

Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi jioni, siku ambayo mabasi ya mikoani yanaleta watu wengi kuliko siku zote. Hakuna aliyegundua mpaka Jumapili mchana.

Kwangu mimi mkosaji alikuwa anajulikana. Mzee alikuwa ameipa MySQL gigabaiti 1 ya kuhifadhia data inazozitumia mara kwa mara, nusu ya memori yote ya seva. Picha za vyumba pia alizihifadhi humohumo kwenye databesi, kwa hiyo ile gigabaiti ilijaa kweli. Mimi Java yangu nilikuwa nimeiwekea kikomo cha megabaiti 512, kwa ile amri ya Xmx ambayo kila mtu anaijua. Nikafungua na grafu: Java inatumia megabaiti 200 na kitu, wala haijafika nusu ya kikomo. Nikapiga picha ya skrini nikaiweka kwenye grupu letu, chini yake nikaandika: "Mimi huku niko safi. Databesi yako ndiyo inatuua, acha kujifanya hujui."

Mzee hakujibu. Baada ya dakika chache WhatsApp ikatuarifu kwamba ametoka kwenye grupu.

Jumatatu asubuhi akaja binti mmoja kwenye ofisi ya serikali ya wanafunzi, akaelekezwa kwetu. Alikuwa amesafiri kutoka Katavi. Kabla ya safari alikuwa ameshachagua chumba kwenye tovuti yetu, ila namba ya simu hakuandika pembeni kwa kuwa alijua akifika ataifungua tena. Akafika Jumamosi usiku, tovuti haifunguki. Pale stendi akampata dalali mwenye maneno matamu, akampeleka kwenye chumba, akapokea laki moja na nusu, kodi ya miezi mitatu. Jumapili jioni akaja mtu mwenye ufunguo wake na begi lake. Kumbe ni mpangaji wa siku zote, alikuwa amesafiri msibani. Simu ya dalali haipatikani mpaka leo.

Hakututukana. Alitoa simu yake, akatuonyesha ukurasa wetu na kuuliza, "Sasa hivi inafunguka?"

Nikamwambia inafunguka. Kisha nikakaa kimya, kwa sababu sikuwa na neno lingine.

Siku hiyohiyo Mzee akapunguza sehemu ya MySQL kutoka gigabaiti 1 hadi megabaiti 512. Akatutumia ujumbe mmoja mmoja: "Nimeipunguza. Ikifa tena mtafute mwingine wa kumsingizia." Siku tano zikapita bila tatizo, nami nikawa natembea kifua mbele. Siku ya sita asubuhi ndipo mama akapiga simu kulalamika meseji tano. Siku hiyohiyo jioni tovuti ikafa. Nikafungua logi nikiwa tayari na maneno ya kumwandikia Mzee. Aliyeuawa safari hii alikuwa Java.

Nilikaa nikatazama ile logi muda mrefu. Mashine ikiishiwa memori haitafuti nani ameleta shida. Kwa kawaida inamwangusha anayeshika memori kubwa kuliko wote wakati ule. Mzee alipokuwa na gigabaiti 1, alikuwa mkubwa, akaanguka yeye. Alipojipunguza, mkubwa nikawa mimi. Kwa hiyo kile kifo cha kwanza hakikuwahi kuthibitisha kwamba MySQL ndiyo iliyokuwa inavimba. Kilithibitisha tu kwamba ilikuwa nene.

Lakini Java yangu si ina kikomo cha megabaiti 512? Hapo ndipo nilipokuwa nimekosea tangu mwanzo, na nadhani tuko wengi. Xmx inaweka kikomo kwenye hipu tu, sehemu ambamo vitu vya programu vinakaa. Klasi zenyewe, yaani ile michoro ambayo Java inatumia kutengeneza vitu hivyo, hazikai kwenye hipu. Zamani zilikaa sehemu iliyoitwa PermGen, ambayo ilikuwa na kikomo chake, na ikijaa unapata kosa linaloitaja kwa jina. Java 8 ilipotoka mwaka 2014, PermGen ikaondolewa, ikaja Metaspace, ambayo inachukua memori moja kwa moja kutoka kwenye mashine. Na usipoiwekea kikomo mwenyewe, haina. Inaweza kukua mpaka mashine iishiwe. Grafu yangu niliyoitumia kumwaibisha mwenzangu ilikuwa grafu ya hipu. Nilikuwa naangalia sebuleni wakati maji yanavuja jikoni.

Sasa kwa nini klasi ziongezeke, wakati msimbo ni uleule? Nikamkumbuka mama. Nikachukua daftari nikahesabu: tangu tuwashe mashine mara ya mwisho, nilikuwa nimepandisha matoleo mapya 4. Ongeza lile la kwanza lililowaka na mashine. Jumla 5.

Nieleze kwa lugha ya geto. Chukulia Tomcat ni mwenye nyumba. Kila programu unayoipandisha inapewa chumba chake, na inakuja na kitu kinachoitwa ClassLoader, ambacho tuseme ni mpangaji. Mpangaji ndiye anayeleta kila klasi ndani: kitanda, jiko, sufuria, ndoo. Ukipandisha toleo jipya, Tomcat haisafishi vyombo vya zamani ili ivitumie tena. Inamwambia mpangaji wa zamani aondoke, inaleta mpangaji mpya kwenye chumba kingine, naye anakuja na seti yake kamili ya vyombo vyenye majina yaleyale. Kwa macho ya Java, klasi iliyoletwa na mpangaji wa kwanza na klasi ya jina hilohilo iliyoletwa na wa pili ni klasi mbili tofauti. Ndiyo maana siku nyingine unaweza kupata kosa la kuchekesha, Java inakwambia kitu cha aina fulani hakiwezi kugeuzwa kuwa aina hiyohiyo.

Baada ya mpangaji wa zamani kuondoka, chumba kinasubiri mzoa taka, ile sehemu ya Java inayozunguka kurudisha memori isiyotumika. Mzoa taka ana sheria moja: kitu chochote ambacho bado kuna mtu hai amekishika, hakigusi. Hapo ndipo penye mtego. Kila chombo kinamjua klasi wake, kila klasi inamjua mpangaji aliyeileta, na mpangaji anavijua vyombo vyake vyote. Kwa hiyo mtu wa nje akishika kijiko kimoja tu cha mpangaji aliyehama, anakuwa ameshika kijiko, mpangaji na chumba kizima na kila kilichomo. Kwetu sisi chumba kimoja kilikuwa klasi zaidi ya elfu kumi, kwa sababu ya zile maktaba kubwa tulizotumia, karibu megabaiti 80 kwa kila toleo.

Na nani alishika kijiko? Timer yangu ya kudesa. Timer inaanzisha thredi yake yenyewe, yaani kibarua anayefanya kazi peke yake sambamba na wengine. Nilimwajiri programu inapowaka. Programu inapozimwa sikumwachisha kazi. Tomcat ikaondoa toleo la zamani, lakini kibarua wa toleo hilo akabaki hai, ameshika msimbo wa toleo lake, na kila asubuhi saa mbili anaamka kama kawaida na kumtumia mama meseji. Matoleo 5, vibarua 5, meseji 5.

Utauliza, si niliweka kizuizi asitumiwe mara mbili? Niliweka. Kulikuwa na orodha ya waliokwisha kutumiwa leo, na niliitangaza kuwa ya static nikiamini kwamba static maana yake ni moja kwa mfumo mzima. Kumbe ni moja kwa klasi, na klasi zilikuwa tano, kila moja na mpangaji wake. Kila kibarua aliangalia orodha yake mwenyewe, akakuta mama hajatumiwa, akamtumia. Juu ya hapo nilikuwa nimempa kila kibarua muunganisho wake binafsi wa databesi, unaobaki wazi muda wote, na makosa yote nilikuwa nayameza kimya kimya ili asisimame. Nilimjengea mazingira mazuri ya kuishi milele.

Nikafungua catalina.out, faili la logi la Tomcat, nikapanda juu mpaka siku ya kwanza. Onyo lilikuwepo. Kila mara nilipopandisha toleo jipya, Tomcat ilikuwa imeandika kwamba programu yetu imeanzisha thredi ya Timer na imeshindwa kuisimamisha, na kwamba jambo hilo kuna uwezekano mkubwa likavujisha memori. Jina la kibarua, kosa lake, na matokeo yake. Iliandikwa kila siku kwa wiki mbili, na mimi nilikuwa nasoma mstari wa mwisho tu unaosema programu imewaka.

Sikutaka tena kudhani, basi nikaenda kuthibitisha. Kama una tatizo la namna hii, fuata njia hii. Kwanza, kwenye ukurasa wa Manager wa Tomcat kuna kitufe cha kutafuta programu zinazovuja. Ukikibonyeza kinamlazimisha mzoa taka apite nyumba nzima, kisha kinataja programu zilizoondolewa ambazo bado hazijatoka kwenye memori. Usikibonyeze watu wakiwa wengi, kwa sababu mfumo utasimama kidogo. Kwetu kilitaja jina letu, limejirudia.

Pili, nikachukua picha ya memori kwa amri ya jmap, nikaifungua kwenye laptopu ya jirani yangu kwa programu ya bure inayoitwa Eclipse Memory Analyzer. Humo nikatafuta ClassLoader za Tomcat za programu yetu. Ilitakiwa iwepo moja. Kwa kila iliyozidi unaiuliza programu ikuonyeshe njia kutoka kwenye kitu hicho hadi kwenye mzizi, yaani nani anayekishika, na aliyemshika huyo ni nani, mpaka mwisho. Unaiambia iruke zile kamba dhaifu ambazo hazimzuii mzoa taka. Njia ikatoka fupi: thredi, kisha Timer-0, kisha klasi yangu. Jina langu lilikuwa juu ya faili, kwenye mstari wa mwandishi, maana nilikuwa nimelifuta la yule kaka nikaweka langu.

Dawa ilikuwa mistari miwili. Kwenye Java ya wavuti kuna mahali panaitwa contextInitialized, pa kuandika mambo ya kufanya programu inapowaka, na pacha wake contextDestroyed, pa kuandika mambo ya kufanya inapozimwa. La kwanza nilikuwa nimelijaza. La pili lilikuwa tupu, mabano mawili tu yanatazamana. Nikaandika humo kusimamisha Timer na kufunga ule muunganisho.

Nikajaribu kwenye mashine yangu, nikapandisha toleo lilelile mara kumi mfululizo, nikahesabu tena. Zilikuwa zimepungua, lakini bado kuna zilizobaki. Nikafuata njia ya mzizi upya, safari hii ikaishia kwa kibarua mwingine, si wangu. Alikuwa ameanzishwa na draiva ya MySQL, ile maktaba inayoiwezesha Java kuongea na databesi, kwa ajili ya kusafisha miunganisho iliyotelekezwa. Draiva tulikuwa tumeiweka ndani ya programu yetu, kwa hiyo kila toleo lilikuja na draiva yake na kibarua wake.

Nilijua nani anaijua draiva hiyo.

Nilienda kwa Mzee usiku, na chips mayai mbili kwenye mfuko. Alinifungulia mlango, akautazama mfuko, akanitazama mimi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea. Nikamwambia, "Ilikuwa Timer yangu. Tangu siku ya kwanza. Nilikukosea mbele ya wenzetu, naomba unisamehe."

Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Mimi nilishindwa kulala ndugu yangu. Nilikuwa nawaza yule binti, nikajua ni mimi."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Kukasirika angekuwa na haki. Lakini Mzee aliniamini. Nilikuwa na picha ya skrini na maneno ya uhakika, na yeye kwa utaratibu wake akaamini kwamba mwenye ushahidi ndiye mwenye ukweli. Siku zote zile alikuwa amebeba mzigo wangu.

Tulipomaliza kula nikamwonyesha kibarua wa draiva. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo na mimi nina kijiko changu." Akahamisha faili la draiva kutoka ndani ya programu kwenda kwenye folda ya lib ya Tomcat yenyewe, ambako linakuwa mali ya mwenye nyumba na si ya mpangaji, na haliji upya kwa kila toleo. Ilimchukua dakika moja. Tukapandisha toleo mara kumi tukiwa wawili, tukamlazimisha mzoa taka apite, tukahesabu. Ikabaki moja.

Kabla ya kulala tuliongeza jambo moja tena: tuliiwekea Metaspace kikomo cha megabaiti 192, pamoja na amri ya kuhifadhi picha ya memori yenyewe pindi memori inapoisha. Kikomo hakizibi uvujaji. Kazi yake ni kwamba siku mwingine akifanya kosa kama langu, Java ndiyo itakayoanguka, mapema, ikisema wazi ni Metaspace, badala ya kuua jirani asiyehusika.

Nimewaza sana kwa nini tulichelewa vile. Mtu atasema hatukujua, na ni kweli hatukujua mengi. Lakini zaidi ni kwamba kuzima na kuwasha kulifanya kazi. Kila tulipowasha mashine upya, vibarua wote walikufa, vyumba vyote vikasafishwa, mama akapata meseji moja tu. Tulijiona tumetibu, kumbe tulikuwa tunafuta ushahidi kwa mikono yetu. Kama usiku ule wa kwanza tungetumia dakika kumi kuchukua picha ya memori ya Java kabla ya kuzima, binti wa Katavi angekuwa na laki moja na nusu yake. Siwezi kusema kuzima na kuwasha ni vibaya, wakati mwingine watu wanasubiri na huna namna. Ila chukua picha kwanza, kisha zima.

Hela yake haikurudi. Sisi wanne tulichanga elfu sitini kwenye boom letu, akapokea kwa kusitasita. Chumba alipata, na alikipata kwa yuleyule mama wa meseji tano, ambaye alipoelezwa kilichompata binti alikubali kodi ya mwezi mmoja mmoja. Mzee alirudi kwenye projekti na tukaitetea pamoja mbele ya walimu, nami nikaeleza kosa hili mwenyewe bila kusubiri kuulizwa. Kwenye lile grupu la WhatsApp hajarudi, na sijamwomba arudi. Tulifungua jingine.

Asubuhi iliyofuata baada ya kuhamisha ile draiva, saa mbili kamili, nilikuwa macho naangalia logi. Kibarua mmoja aliamka. Meseji moja ikaenda kwa mama. Baada ya dakika tatu akajibu kwamba chumba kimepata mtu.